Kifungo cha shaba kutoka shambani, ni cha enzi gani?

SWALI: Shikamoo mhariri. Nalima huku Maktau, barabara ya kwenda Taveta, na juzi tukipalilia kijana wangu akaokota kifungo cha shaba kina simba upande mmoja na farasi wa pembe moja upande wa pili, juu kuna taji, nyuma kumeandikwa Smith & Wright Birmingham. Jamaa mmoja anasema ni cha Mjerumani na anataka kukinunua. Ni kweli?
Msomaji, Taita Taveta

JIBU: Marahaba. Usimuuzie bado! Simba na yule farasi ni nembo ya ufalme wa Uingereza, Mjerumani hakuvaa hiyo, na Birmingham ni mji wa Uingereza uliojaa viwanda vya vifungo.

Kupata miaka anza na taji, piga picha ya karibu kabisa na simu halafu uikuze. Matao yake yakiwa mviringo kama kuba la msikiti hilo ni taji la wafalme, kuanzia alipofariki Victoria 1901 mpaka Elizabeth alipoingia 1952. La Elizabeth linabonyea katikati, na vingi vya enzi zake ni aluminiamu nyepesi, si shaba.

Ukikuta kuba basi mahali ndipo panasaidia, maana Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, Waingereza wakapiga kambi hapo kwenu Maktau, wakajenga reli kutoka Voi, na Februari 1916 wakaenda kushambulia kilima cha Salaita wakarudishwa nyuma. Kwa hiyo vita ya kwanza ya dunia inawezekana sana, ila kuna pia askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika) waliorudi kutoka Burma baada ya vita ya pili na makoti yao, hao nao usiwasahau. Kikosi gani hasa, kifungo hakisemi, kwa sababu aina hii askari wa kawaida wa vikosi vingi walivaa tangu 1871, na akija mtu kukutajia kikosi kwa kuangalia nembo hiyo tu usimwamini.

Tafadhali sana usikisugue kwa Brasso wala ndimu na majivu, yale maandishi ya nyuma yatafutika, maji na mswaki laini vinatosha. Andika kilipookotwa na kina chake. Na msiendelee kuchimba kutafuta vingine, sehemu za vita huwa na risasi na makombora ambayo hayajalipuka, waiteni watu wa Makumbusho ya Taifa waje waone. Tutumie picha ya hilo taji.