Umngoje baharia wako?

Mdogo wangu, umeniuliza umngoje huyo baharia wako au ukubali posa ya yule wa Mikumbi. Ukaongeza kwamba Lindi nzima mimi ndiye mfano: nilivumilia, Mungu akanilipa Ujerumani. Imeniuma sana hiyo.

Mnachosimulia ni bahari tu. Kweli, mwaka 2020 korona ilipofunga bandari, mabaharia wapatao 400,000 walikwama melini mikataba imekwisha, na mchumba wangu alikuwa humo. Mkataba wa kimataifa wa kazi za ubaharia wa 2006 hauruhusu mtu kufikisha miezi 12 mfululizo melini. Yeye aliipita, na kila bandari walimkatalia kushuka. Mtaani wakasema keshaoa mzungu. Shangazi akaniletea mwanaume mwingine. Kilichonishika ni kwamba kila akipata mtandao aliniambia ukweli, hata siku aliyolia.

Lakini karatasi zilinitesa kuliko bahari. Alishuka, tukaoana, akapata kibali cha kuishi Hamburg. Mimi kumfuata ikatakiwa cheti cha ndoa cha serikali, na nifaulu kwanza mtihani wa Kijerumani, ngazi ya A1, ile ya chini kabisa, ndiyo nipewe viza. Lindi ningejifunzia wapi? Nikahamia Dar kwa ndugu, nikilala sebuleni, asubuhi nauza vitumbua, jioni nakariri maneno yasiyotamkika.

Siku aliyonipokea uwanja wa ndege nililia kwa furaha, sikufichi. Baada ya wiki chache akarudi melini. Sasa namngojea huku huku, kwenye baridi, nafua mashuka ya hoteli, na meseji zenu za hela ya salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, zinaingia nikiwa zamu. Nitatuma, ni mikorosho ya baba. Ila msiniite tajiri.

Kwa hiyo usimngoje. Ujana wako haumngojei mtu. Lakini kama anakwambia mwenyewe meli iko wapi, analipwa kiasi gani na mkataba unaisha lini, bila wewe kumbana, mngoje. Mwanaume wa hivyo ni wa kushikwa kwa mikono miwili. Biashara yako ya samaki usiiache hata akikutumia hela. Mfunge ndoa kabla hajapanda meli tena, na cheti ukifuate mwenyewe. Akizungusha, kubali posa ya Mikumbi. Hapana, nisikilize: usiolewe na mtu usiyemtaka kwa sababu ya maneno yangu. Nipigie Jumapili jioni, siingii kazini.