Kwa walimu wakuu wapya: mtasemwa tu

Kila wanapoteuliwa walimu wakuu wapya hapa Pemba naona mambo yale yale. Wiki ya kwanza tu mtu kashabadilisha sauti, mstarini anahutubia mpaka watoto wa darasa la pili wanakaa chini. Wadogo zangu, hebu nisikilizeni kabla hamjaharibu.

1. Usimuige aliyekutangulia. Mimi nilimrithi maalim mmoja mkali, akikohoa ofisini uwanja mzima unanyamaza. Nikadhani ndio uongozi huo. Saa moja na robo daftari la mahudhurio liko mezani kwangu, kalamu nyekundu mkononi. Asubuhi moja ya mvua akaingia mzee wetu mmoja, anatoka shamba na gari zilichelewa. Mstari mwekundu wa kuwatenga waliochelewa nishapiga daftarini. Mzee huyo ndiye aliyenisomesha hesabu. Badala ya kumwamkia, nikamwambia mbele ya walimu wa mazoezi: "Maalim, hapa hakuna mkubwa." Hakujibu. Alisaini chini ya mstari kwa ule mwandiko wake mzuri, akachukua chaki, akenda darasani. Tangu siku ile wote walifika kwa wakati, na saa ya kutoka hakubaki hata mmoja. Masomo ya ziada ya darasa la mtihani yakafa hivyo hivyo. Nilikwenda kwake baada ya alasiri kuomba radhi. Akanikaribisha kahawa, tukanywa, ndipo akasema: "Siku ile nilimsikia maalim wako. Wewe sikukusikia."

2. Usirukie upande wa pili. Mimi niliruka. Nikawa mpole wa kila kitu. Maandalio ya somo hayaandikwi, na mkondo wa mchana unaanza walimu wakishashiba. Upole wa woga walimu wanaujua.

3. Fanya unaloliweza bila kujilazimisha. Hotuba siziwezi, lakini naingia darasani, nakaa nyuma, tukitoka tunazungumza wawili. Mstari mwekundu bado napiga, ila aliyechelewa namuuliza kwanza kimemsibu nini.

4. Matumizi ya fedha yabandike ukutani. Basi.

5. Kusemwa. Tangu elimu ilipotangazwa bila malipo mwaka 1964, skuli ni ya kijiji kizima, na kila aliyekaa barazani ana fatwa yake. Ukifunga geti unatesa watoto, ukiliacha wazi skuli imekushinda. Msimu wa karafuu ukimfuata mzazi kumuuliza mtoto yuko wapi, una kiburi, usipomfuata, hujali. La mtu mmoja liache lilale. Likisemwa na watu wawili wasiosalimiana, lifanyie kazi.

Siku hizi mimi naitwa mchunguliaji. Juzi mwalimu mpya aligeuka kutoka ubaoni akaniona nimekaa nyuma, chaki ikamwanguka. Nikamwokotea, nikamsifu kwa mfano wake wa hesabu za sehemu, maana ulikuwa mzuri kweli. Kufika magharibi nishaletewa habari kwamba namvizia kijana wa watu kwa sababu anakitaka kiti changu.