Theluji Hawaii, na volkano je?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kaka yangu anasoma Hilo, Hawaii. Ametutumia picha kasimama ufukweni na kaptula, minazi pembeni, na nyuma yake mlima mweupe kwa theluji. Nyumbani tumebishana hadi usiku. Hawaii si visiwa vya joto? Na kama milima yake ni volkano, mbona moto hauyeyushi theluji hiyo? – Msomaji, Arusha

JIBU: Marahaba mwanangu. Picha ni ya kweli. Huo ni Mauna Kea, mita 4,207. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi kama 6, kwa hiyo Hilo wakiwa na nyuzi 26, kileleni panakaribia sifuri.

Ila baridi peke yake haileti theluji. Siku nyingi tabaka la hewa yenye joto huyazuia mawingu yasipande sana kupita mita 2,000. Mvua yote inamwagika Hilo, kilele kinabaki kikavu na anga yake safi, na ndiyo maana wanasayansi wa nyota wamejenga darubini zao pale. Dhoruba za majira ya baridi zikilivunja tabaka hilo, theluji huanguka.

Kuhusu moto: Mauna Kea haujalipuka kwa zaidi ya miaka 4,000. Joto lake liko kina kirefu, na mwamba haupitishi joto upesi. Hata Kibo, hapo jirani yenu, kreta ya Reusch ina matundu yanayofuka mvuke wenye harufu ya kiberiti, na barafu haiko mbali. Mauna Loa nao, volkano jirani kisiwani humo, mita 4,169, ulilipuka Novemba 2022, lakini hupata theluji vilevile.

Ninalolipenda zaidi ni hili. Zama za barafu, lava ya Mauna Kea ilitokea chini ya barafu nene, ikapoa ghafla, ikawa jiwe gumu ajabu. Wahawaii wa kale walipanda zaidi ya mita 3,000 kulifuata, wakachonga tezo za kuchongea mitumbwi yao.

Kaka yako akitaka kwenda kuishika theluji, mwambie apumzike angalau nusu saa kwenye kituo cha wageni, mita 2,800. Kilimanjaro tunaupanda kwa siku kadhaa. Kule gari linakutoa baharini hadi kileleni kwa saa chache tu, na mwili haujazoea hewa nyepesi. Kichwa kikianza kumgonga, ateremke papo hapo.