Swali: Kijana wangu anataka kwenda kusoma udaktari China, akirudi atapokelewa?

"Dokta habari za majukumu. Mimi ni mama wa Tabata Segerea. Kijana wangu kamaliza fomu siksi mchepuo wa PCB, kapata matokeo ya wastani, na anautaka udaktari kweli. Kuna ejenti ana ofisi Posta anatuambia atampeleka China, kozi miaka sita, masomo yote kwa Kiingereza, ada yuan 30,000 kwa mwaka, ila tulipe hela ya nafasi wiki hii maana zinaisha. Baba yake anataka kuuza kiwanja cha Chanika. Swali langu ni je, akirudi hapa atakuwa daktari kama wale waliosoma Muhimbili au atakuja kukaa nyumbani?"

Shikamoo mama, na hongera kwa kijana. Nakujibu kwa kirefu maana kiwanja kikishauzwa ndo kimeuzwa.

Anaweza kurudi na akawa daktari kamili, wapo wengi tu tunafanya nao kazi hapa Dar na ni madaktari wazuri. Lakini digrii ya nje peke yake haimfanyi mtu atibu wagonjwa Tanzania, anayetoa ruhusa ni Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa hiyo anzeni na Baraza halafu mrudi nyuma mpaka kwa ejenti, nyie mmeanzia kwa ejenti. Njia yenyewe iko hivi, akimaliza kule anapeleka cheti TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kitambuliwe, halafu anaenda Baraza ambako waliosoma nje wanafanya mtihani kabla ya kuruhusiwa kuingia intanship, yaani kazi ya mafunzo hospitalini, halafu intanship yenyewe mwaka mzima anazunguka idara kubwa nne, yaani magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi, hapo ndo anafikiria leseni kamili. Sasa kozi nyingi za China zinahesabu miaka sita kwa sababu mwaka wa mwisho ni wa vitendo hospitalini, mwandikieni Baraza muulize kama huo mwaka ataufanyia kule au hapa na kama utahesabiwa, na jibu liwe la maandishi, msikubali la mdomo.

Na kabla hajapanda ndege kuna ile barua ya TCU ya kutokuwa na pingamizi, wengi wanaiita NOC. Watu wanaiona kama usumbufu ila ndo inayowaambia mapema kama chuo anachoenda kinatambulika na kama matokeo yake ya Fizikia, Kemia na Baiolojia yanatosha kusomea udaktari. Umesema matokeo yake ni ya wastani, basi hili lishughulikieni kwanza kabla ya vyote, maana kuna vyuo vya nje vinapokea mtu ambaye hapa nyumbani hafikii vigezo, anasoma miaka yote ile halafu vigezo vinamsubiri airport.

Kuhusu chuo, msiridhike na jibu la "kipo kwenye intaneti". Kuna orodha ya dunia inaitwa World Directory of Medical Schools, chuo kisipokuwepo humo achaneni nacho, ila kuwemo nako siyo cheti cha ubora, wenyewe wanasema hivyo. Kwa China hasa, serikali yao iliweka viwango vya kozi za udaktari kwa Kiingereza mwaka 2007 na wizara yao ya elimu ikatoa orodha ya vyuo vilivyoruhusiwa, siyo kila chuo chenye jengo zuri kimo. Mwambieni ejenti awape jina kamili la chuo na aonyeshe kama kimo kwenye ile orodha ya wizara, na kozi atakayosoma kijana ndo ile ya Kiingereza iliyoruhusiwa.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniumiza kuliko yote, maana kwenye mabango ya maejenti halimo kabisa. Darasani ni Kiingereza sawa, lakini mgonjwa wa kule anaongea Kichina. Miaka miwili mitatu ya kwanza, anatomia, fiziolojia, biokemia, hapo mtoto anaenda vizuri tu, anafaulu, anawatumia picha. Ikifika kuingia wodini, profesa anamhoji mgonjwa kwa Kichina, nesi anaandika faili kwa Kichina, na mwanafunzi wenu kasimama nyuma anasubiri atafsiriwe sentensi mbili kati ya kumi. Udaktari unaujulia kitandani kwa mgonjwa, kwa kumuuliza mwenyewe na kumshika mwenyewe. Ndo maana vyuo vingi vinataka ufike daraja la nne la HSK, ule mtihani wa lugha ya Kichina, kabla ya vitendo, na kijana akiichukulia hiyo lugha kama somo la kufaulu tu, miaka mitatu ya mwisho inampita hivihivi. Urusi nako wengi wanaanza na mwaka mzima wa lugha, Cuba ni Kihispania tangu mwanzo, na mimi sioni huo mwaka wa lugha kama hasara, bora huo kuliko wodi ambayo huelewi kinachosemwa.

Nitoe mfano mmoja wa wodi ya wazazi. Kijana karudi kutoka nje, kichwa kizuri sana, kaletewa mama wa wiki 34, presha 170 kwa 110, kichwa kinamuuma, anaona nyotanyota. Jina la ugonjwa kalitaja hapohapo na vipimo vyote kavitaja, lakini ameshika ile dawa ya magnesiamu ya kuzuia kifafa cha mimba mkononi hajui aanzie wapi, hajawahi kuichoma. Mkunga wa zamu ndo akamuongoza, gramu 4 kwenye mshipa polepole, halafu gramu 5 kila tako, halafu mwangalie goti linaruka likigongwa, anapumua vipi, mkojo unatoka kiasi gani. Aliyesoma hapa alishaliona hilo tangu mwanafunzi, na malaria kali ya mtoto, na selimundu, na TB, ndo wagonjwa wetu wa kila siku. Kwa hiyo kijana akienda nje, likizo ndefu akirudi aombe kukaa hospitali za Amana au Temeke au Mwananyamala akashinde wodini na wakubwa zake, asizimalizie nyumbani.

Hela sasa. Ada ndo sehemu ndogo ya maumivu, kuna hosteli, bima, kibali cha kuishi kila mwaka, tiketi, na yote hayo kwa hela ya kigeni, shilingi ikishuka kiwanja kinakuwa kidogo hata kama mlishakiuza. Msiuze mali ikatosha mwaka wa kwanza na wa pili tu mkisema Mungu atafungua, maana anayekatishwa mwaka wa nne hana cheti chochote cha kumsaidia. Na dunia inabadilika, wanafunzi wa kigeni wanaosoma China waliokuwa likizo mwaka 2020 walifungiwa nje mpaka Agosti 2022, wakasomea udaktari kwenye simu, na waliokuwa Ukraine walitoka mbio Februari 2022 vita ilipoanza. Waliopata unafuu wa kuhamia vyuo vingine ni wale wenye karatasi zao mkononi, kwa hiyo kila muhula kijana achukue matokeo rasmi yenye muhuri na mtaala wa kozi, kopi moja ibaki kwako Segerea.

Ushauri wangu mama, wiki hii msilipe. Hakuna chuo cha maana kinachomfukuza mtu kwa sababu mama yake alienda kwanza TCU. Kijana aombe pia hapa ndani, MUHAS, Kairuki, Bugando, KCMC, Dodoma, awamu za maombi huwa zaidi ya moja, na akikosa udaktari moja kwa moja kuna kusoma utabibu ngazi ya diploma halafu akaomba tena, ni njia ndefu lakini wodini anakuwa ameshaingia tangu mapema. Huyo ejenti muombeni namba yake ya usajili TCU, maana maejenti wa vyuo vya nje wanatakiwa wasajiliwe, mkaihakiki wenyewe. Akianza kukwepa hilo, kiwanja kibaki.