Saa 15 ya almanaka ya zamani ni saa ngapi kwa Kiswahili?

Swali: Ninaandika makala kuhusu kupatwa kwa miezi ya Mshtarii (sayari ya Jupita), nami ninatumia almanaka ya wanamaji ya Uingereza ya mwaka 1890. Jedwali likisema tarehe 4 Machi, saa 15, je, niandike "saa tisa alasiri, tarehe 4"?

Jibu: Hapana. Almanaka hiyo, ambayo toleo lake la kwanza lilikuwa la mwaka 1767 chini ya usimamizi wa mwanafalaki Nevil Maskelyne, ilihesabu siku ya kifalaki kuanzia adhuhuri hadi adhuhuri, ili kazi ya usiku mmoja isigawanyike katika tarehe mbili, na utaratibu huo haukubadilishwa hadi tarehe 1 Januari 1925. Saa 15 yako, basi, imetimia saa tisa za usiku kwa saa za Greenwich, wakati ambapo kalenda ya kawaida ilikwisha kuingia tarehe 5. Saa tisa alasiri ya tarehe 4 ingeandikwa saa 3 katika jedwali hilohilo, na hapo ndipo wengi hunaswa.

Kanuni ni nyepesi: ongeza sita kwenye saa ya jedwali, uondoe kumi na mbili kila inapozidi, na kuanzia saa 12 ya jedwali usogeze tarehe mbele kwa siku moja.

Katika maandishi ningependelea "saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 5 Machi". Ukisema "usiku wa tarehe 5" tu, msomaji aliyezoea siku inayoanza magharibi, ambaye kwake usiku wa Ijumaa hutangulia mchana wa Ijumaa, atakuelewa tofauti na mwenzake anayehesabu kuanzia saa sita usiku. Ndani ya jedwali lenyewe, hata hivyo, iache 15 kama ilivyo na uandike juu ya safu "saa tangu adhuhuri, Greenwich".

Ukilinganisha na almanaka ya Ufaransa ya miaka hiyo, Connaissance des Temps, kumbuka kwamba saa zake ni za Paris, zinazotangulia za Greenwich kwa dakika 9 na sekunde 21. Nakala zake zimo katika maktaba ya kidijitali ya Gallica, na za Uingereza hupatikana katika maktaba nyingine ya kidijitali, HathiTrust. Tafuta kwa mwaka wa majedwali, si wa uchapishaji, kwa kuwa vitabu hivi vilichapishwa miaka kadhaa kabla ya mwaka vinaouhusu.