Mdau wa Gungu, simamisha hiyo plasta! Kuhusu waya mmoja wa dishi kwa vyumba vinne

Mkuu, mpigie fundi simu kwanza, salamu tutapeana baadaye.

Kwa wanaoingia sasa bila kusoma juu: mdau anajenga Gungu, Kigoma. Nyumba imeshaezekwa, plasta inaanza wiki ijayo. Anataka tivii sebuleni, masta, chumba cha watoto na cha wageni, kila moja na king'amuzi chake. Fundi kamwambia washushe waya mmoja kutoka kwenye dishi, waufukie ukutani bila paipu, na kila unapofika chumba ukatwe, iwekwe splita, kile kidude cha kugawa waya mmoja kuwa miwili au zaidi, safari iendelee. Anauliza kama mpango huo umekaa sawa, na kama mwembe wa jirani upande wa ziwani utamsumbua au la.

Haujakaa sawa hata kidogo. Nyumba yangu iko Ipuli hapa Tabora na ilifungwa hivyo hivyo, tena kwa maneno yale yale: "Bosi, waya mmoja unatosha, kwani splita kazi yake nini?" Nashuku hawa mafundi walisoma darasa moja, wote dawati la nyuma.

Wengi wetu tunauona waya wa dishi kama bomba la maji: ukiugawa, kila chumba kinapata kidogo, lakini kinapata. Ndiyo maana fundi akitamka splita tunaitikia amina. Kumbe ndani ya waya ule kuna safari mbili. Picha inashuka, umeme na amri vinapanda. Mawimbi ya setilaiti hizi yako kati ya gigahezi 10.7 na 12.75, yangeingia kwenye kebo hivyo hivyo yangekufa kabla hayajafika sebuleni. Kwa hiyo LNB, kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi, inayashusha mpaka kati ya megahezi 950 na 2150, ndipo yanateremka. LNB haina betri. Inakula umeme wa king'amuzi kupitia waya huo huo, na umeme huo huo ndio amri: ikiletewa volti 13 inapokea mawimbi ya wima, ikiletewa 18 inapokea ya mlalo. Juu yake king'amuzi kinaweza kuongeza mtetemo wa kilohezi 22, maana yake "nipe nusu ya juu ya masafa". LNB yenye tundu moja inatii amri moja tu kwa wakati mmoja. Fundi wako hajui hili, au analijua na anataka kuondoka mapema.

Mimi somo hili nilifundishwa na mama mkwe. Alikuja kutoka Urambo kukaa nasi, tukampa chumba cha wageni chenye tivii yake na king'amuzi chake, nikajiona mkwe wa mfano. Jioni ya Simba na Yanga, dakika za majeruhi, picha ya sebuleni ikakata. Natoka nje kutazama dishi, liko palepale, anga halina hata wingu. Narudi ndani, picha imerudi na mechi imekwisha. Ikawa ndiyo maisha. Kumbe mama mkwe akifungua tamthilia yake, iliyokuwa upande wa volti 18, king'amuzi chake kinakizidi nguvu cha kwangu kilichokuwa kikiomba 13, LNB nzima inahamia kwake. Sasa niambie mkuu, umeoa Unyamwezini, utakwenda kumgongea mama mkwe mlango umwambie azime tamthilia kwa sababu ya volti? Nikahamia kibanda umiza, na kiingilio nalipa, wakati nyumbani nina ving'amuzi viwili.

Atakuja mtu hapa chini kusema kwake splita inapiga kazi mwaka wa ngapi sijui. Namwamini. Kama chaneli zinazotazamwa vyumba vyote ziko upande mmoja wa mawimbi na nusu moja ya masafa, hakuna ugomvi. Siku mtoa huduma akihamishia chaneli upande wa pili, arudi tuongee.

Halafu kuna splita na splita. Angalia namba kwenye bati lake. Ikiwa imeandikwa 5 mpaka 1000, hiyo ni ya antena ya kawaida, na mawimbi ya dishi yanafika 2150. Ya kwangu ilikuwa hiyo. Chaneli nyingine zilikuwa zinakwama kwama, fundi akasema ni hali ya hewa. Mwezi wa nane huo, Tabora, vumbi mpaka kwenye meno, yeye ananiambia hali ya hewa.

Lakini splita ilikuwa mzigo mdogo. Nilipoelewa, dawa ilikuwa kununua LNB yenye matundu zaidi, kila tundu linasikiliza king'amuzi chake, nikavuta waya wa pili mpaka chumba cha wageni. Kuvuta kupitia wapi? Hapo ndipo hela ilipoteketea.

Fundi alikuwa amechimba mfereji kwenye tofali, akalaza waya mtupu, akaukaza kwa misumari iliyokunjwa, akaupiga plasta juu. Nilimuuliza habari ya paipu. Akacheka. "Paipu ni za umeme bosi, huu hauna shoti." Nikacheka naye, maana yeye ndiye fundi. Kwenye kona kaukunja mpaka ukasimama mraba. Waya huu haukunjwi hivyo. Katikati kuna uzi wa shaba, umezungukwa na sponji nyeupe, kisha karatasi ya alumini na wavu wa nyuzi. Umbali kati ya uzi wa kati na wavu ndio unaotunza omu 75, yaani kipimo cha ukinzani wa waya kwa mawimbi, na vifaa vyote vya dishi vimetengenezwa kwa omu hizo. Ukiuvunja kwenye kona au ukiuminya kwa msumari, sponji inabonyea, umbali unabadilika, sehemu ya mawimbi inageuza na kurudi ilikotoka. RG6, ndiyo aina ya waya inayofaa dishi, ina unene wa karibu milimita 7, kona yake iwe ya mviringo wenye nusu kipenyo cha sentimita 7 hivi, usipunguze.

Na viungo! Kwenye kila splita ilitakiwa konekta ya F, kile kichwa cha chuma cha kufungia ncha ya waya. Sehemu mbili zilizofukiwa hazikuwa hata na konekta. Kasokota uzi kwa uzi, wavu kwa wavu, kazungushia solotepu, kafunika kwa plasta mbichi. Unyevu ukapenya, shaba ikaota kijani. Halafu fundi wa jipsamu, ambaye hana kosa kwa sababu hakuna aliyemwambia kuna waya pale, akapiga skrubu kati kati. Uzi wa kati ukagusana na wavu. King'amuzi kimoja kikaandika kwamba LNB ina shoti, cha pili hakikuandika kitu tena mpaka kesho.

Ndipo tukaanza kubomoa, na hakuna aliyejua waya umepita wapi. Picha hatukupiga, mchoro hakuna, na simu ya fundi ikawa haipatikani. Tukafuata ukuta kwa kupapasa, hapa umo, hapa haumo, plasta chini. Jipsamu ya korido ikashuka. Kilichofuata kila aliyejenga anakijua: plasta ya kuziba, skimu, msasa, vumbi kwenye sufuria za ubwabwa, halafu rangi. Rangi ile ilikuwa ya kuchanganyiwa dukani, na mchanganyiko ule haukupatikana tena. Kwa hiyo ama upake ukuta wote, ama ukae na mstari. Tulipaka upande mmoja hela ikaisha. Upande wa pili mama watoto katundika kalenda, na kila mwaka ananunua kubwa zaidi.

Hela ile ingetosha paipu za nyumba nzima, waya mzuri, LNB ya maana, na ingebaki ya kumnunulia mama mkwe kitenge. Paipu ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote nilivyovitaja hapa. Hilo linaniuma kuliko mechi.

Kwa hiyo mkuu, ushike hili tu, mengine yote yapotee: KILA CHUMBA PAIPU YAKE, ZOTE ZITOKE SEHEMU MOJA, NA WAYA USIKATWE NJIANI.

Hiyo sehemu moja iwe kisanduku darini, karibu na mfuniko wa kupandia, mahali ambapo mtu mzima anafika bila kuvunja kitu. Kutoka kwenye dishi mpaka kisandukuni weka paipu nene, ya milimita 32, maana LNB ya matundu manne itashusha waya nne. Kutoka kisandukuni, ya milimita 20 kwa kila chumba inatosha. Kwenye kona tumia bendi ndefu, zile elbo kali za maji zirudishe dukani. Ndani ya kila paipu acha kamba ya kuvutia, hata ya katani, hata kama chumba hicho leo hakina tivii. Waya unaokufa unaufungia kamba upande mmoja, unavuta upande wa pili, umebadilisha, ukuta haujajua. Kesho ukitaka kupitisha waya wa intaneti, njia ipo. Ukitaka tivii zaidi ya nne, multiswichi, kifaa kinachogawia ving'amuzi vingi huku kila kimoja kikisikilizwa amri yake, inakaa mle mle kisandukuni. Zipo pia LNB za kisasa zinazolisha ving'amuzi kadhaa kwa waya mmoja, lakini king'amuzi chenyewe lazima kiwe kimetengenezwa kuzikubali, na usimkubalie fundi anayezitaja bila kujua king'amuzi chako ni kipi.

Paipu ya waya wa dishi isichangie na waya za umeme wa volti 230. Fundi atakwambia inaokoa nafasi. Akaokoe kwake.

Waya wenyewe uwe RG6, na usome maandishi ubavuni, usimsikilize muuzaji. Mimi niliuziwa RG59, nyembamba, kwa kauli ya "zote za dishi hizi". Pale juu kwenye megahezi 2150, RG6 ya kawaida inapoteza desibeli 30 na kidogo kwa mita 100, RG59 inakwenda kwenye 40, na kila desibeli 3 ni nusu ya nguvu. Kwa mita 20 za nyumba zetu utasema tofauti ni ndogo. Ongeza splita, kila moja inakula kama 4, ongeza viungo vya solotepu, halafu ngoja mvua ya masika igonge bati. Ukimenya waya ukakuta wavu una nyuzi za kuhesabika, rudisha.

Mwembe wa jirani usikunyime usingizi. Azam wako kwenye setilaiti ya nyuzi 7 mashariki. Ukiwa Kigoma dishi linatazama magharibi, kaskazini kidogo, lakini limeinuka zaidi ya nyuzi 60. Mti unaolizidi dishi kwa mita 10 ni lazima uwe ndani ya mita 5 au 6 ndiyo uzibe. DStv ndiyo kabisa, nyuzi 36 mashariki, kwetu huku inapita nyuzi 80, karibu utosini. Ila miembe inakua, sisi wa Tabora hutuambii kitu kuhusu miembe, usifunge dishi chini ya tawi kwa sababu leo ni dogo.

Dishi lifunge mahali unapofika kwa ngazi. Waya kabla haujaingia ukutani uning'inie chini ya tundu kidogo ndipo upande kuingia, ili maji yadondoke nje yasifuate waya mpaka kwenye king'amuzi. Konekta ya pale kwenye LNB izibwe vizuri isilowe. Radi zikianza, chomoa waya nyuma ya king'amuzi, usitegemee kuzima swichi.

Na kabla ukuta haujafunikwa, chukua simu, piga picha kila ukuta ukiwa umetandaza futi kamba kwenye mfereji vipimo vionekane. Zitume kwa mama watoto pia, simu zinaibiwa.

Kama saruji imeshakorogwa na fundi hataki kusubiri, mwambie aanzie chooni na stoo, huko hakuna tivii. Paipu zinunue leo.