Weka hiyo skrudraiva chini kwanza (Sigma 50mm mtumba, picha blari)

Wewe wa Kondele, Kisumu, unayetaka kufungua lenzi ya Sigma 50mm f/1.4 leo jioni kwa sababu picha zinatoka blari kwenye Canon 700D yako, na jamaa aliyekuuzia amekwambia "ni skrubu chache tu za nyuma, unafungua, unatoa shimu moja (kibati chembamba kilicho chini ya mdomo wa lenzi), fokasi inarudi": weka skrudraiva chini. Sai. Ficha kwa droo, mpe jirani, tupa ziwani, sijali. Hilo lingine uliloniuliza, kama ungoje lenzi mpya za Sigma na Tamron za RF, ule mlango wa kamera mpya za Canon zisizo na kioo, tutafika.

Mimi niko Nakuru, napiga harusi na mahafali. Nilikuwa na Canon 60D na Sigma 17-50mm f/2.8, ile ya EX, familia ya zamani ya Sigma, mtumba ya elfu 28. Kila nikipiga picha ya karibu, sikio la bibi harusi limekaa chonjo mpaka unaona kitundu cha hereni, macho hola. Nikauliza kwa grupu yetu ya WhatsApp. Humo kuna mzee anauza vifaa, ukisoma anavyoandika utadhani ndiye alichora ramani ya kiwanda huko Japani. Akanijibu bila hata kuomba picha moja aone: Sigma za zamani zote ziko hivyo, toa shimu, mambo yaishe. Akanirushia na video ya mzungu mwenye meza nyeupe, glavu, muziki wa taratibu, lenzi inafunguka na kufungwa kabla chai haijapoa. Sasa meza yangu mimi ni ile tunayolia ugali, lakini nikajiona fundi tayari.

Skrubu ndio zilianza kuninyoosha. Skrubu za lenzi za Japani ukiziangalia ni nyota kama zingine tu, kumbe msalaba wake umechongwa kwa kipimo cha Kijapani, JIS, na skrudraiva ya Phillips ya hardware haizami mpaka chini, inakalia juu juu, ukikaza mkono inateleza na kula kichwa. Zingine zilikubali, moja ikagoma. Nikaisukuma mpaka ule msalaba ukawa kashimo ka mviringo, nikaenda nikaleta drili. Ndio, drili, kwa lenzi, na mnaocheka chekeni haraka tuendelee. Vumbi la chuma lilienda wapi usiniulize.

Halafu ule mdomo wa chuma, unaofunga kwa kamera, ukainuka. Chini yake kuna utepe wa kahawia umetoka kwa zile pini za dhahabu unaingia kwa bodi ya umeme ndani, mwembamba, mfupi, hauna nafasi hata kidogo ya kuvutwa, na kile kipande cha pini kina skrubu zake ndogo za pembeni ambazo ulifaa kutoa kwanza, na mimi sikutoa kwa sababu kwa video mzungu alikuwa ameshazitoa kabla kamera haijawashwa. Nikainua mdomo nione shimu ziko wapi, nikasikia tik. Nikajua. Shimu zenyewe nazo, vibati vyembamba kama karatasi ya sigara, zikateleza zikashuka mezani, moja ikanata kwa kidole changu na grisi, na ukizishika unaona kabisa hazilingani unene. Ipi ilikuwa upande gani? Hakuna aliyeandika. Nikazirudisha kwa kukisia, nikafunga, nikaweka kwa kamera, nikawasha: Err 01, safisha koneksheni za lenzi. Nisafishe nini na waya umekatika?

Ikaenda Nairobi kwa fundi anayejua kazi. Akabadilisha utepe, akanilipisha pesa ambayo ningeongezea kidogo ninunue lenzi nyingine, na akaniuliza kwa upole kama ilianguka kutoka gorofani. Iliporudi, upande wa kushoto wa kila picha ulikuwa umelegea, mdomo haukukaa tena vile ulivyotoka kiwandani. Na sikio? Sikio bado chonjo! Macho bado hola. Yaani baada ya drili, utepe, Nairobi na pesa yote hiyo, ile shida iliyonipeleka kwa skrudraiva ilikuwa palepale, haijasogea hata nywele.

Hapo ndipo nilikaa nikasoma vile kamera ya kioo (DSLR, kama 60D yangu na 700D yako) inafanya fokasi, na hii soma polepole. Ukiweka jicho kwa kile kidirisha cha juu, fokasi haipimwi mahali picha inaingia. Nyuma ya kioo kikubwa kuna kioo kidogo kinachotupa mwanga chini, kwa sensa ya fokasi iliyo sakafuni mwa kamera. Picha yenyewe inaingia kwa sensa kubwa ya nyuma. Urefu wa njia hizo mbili lazima ulingane, ukipishana kidogo tu, sensa ya chini inasema tayari wakati kwa sensa kubwa fokasi imeshapita macho imeingia masikioni. Sasa wewe ukitoa shimu, lenzi nzima inasogea, kwa njia zote mbili kwa pamoja. Mota itazunguka kidogo zaidi mpaka sensa ya chini iridhike tena, na ile tofauti unabaki nayo vilevile. Kwa hivyo hata kama mkono wako ni wa daktari wa macho, hata kama skrudraiva ni ya JIS na utepe umepona, shimu ya mdomo haiwezi kutibu hiyo shida. Yule mzee wa grupu alikuwa ananipa dawa ya minyoo na mimi naumwa jino. Nilipomwambia akanijibu "sasa hiyo ni vile uliifungua vibaya", na kesho yake akapost lenzi nyingine anauza. Watu kama hao hawalipi utepe wa mtu, wanachapa emoji ya dole gumba na kulala.

Sheria yangu ni hii na sitaki mjadala: hakuna kugusa chochote kwa lenzi mpaka upige picha ileile kwa skrini ya nyuma na kwa kidirisha, ulinganishe. Ukipigia kwa skrini ya nyuma, kioo kinainuka, kamera inapima fokasi kwa sensa ileile inayochukua picha, hiyo njia ya pili inatoka kabisa kwa hesabu.

Kamera iweke kwa tripodi, kama huna weka kwa meza juu ya mfuko wa mchele. Fungua tundu la lenzi mpaka mwisho, f/1.4, usipunguze, ukipunguza unajidanganya. Mchana, karibu na dirisha, ukutani bandika ukurasa wa gazeti wenye herufi ndogo ndogo, kamera iutazame sawasawa bila kuinama, na chini yake egemeza rula kimshazari, namba za katikati zikiwa usawa wa gazeti, ili uone fokasi inaangukia mbele au nyuma. Umbali mita moja na nusu au mbili hivi. Tumia nukta moja tu ya fokasi, ya katikati, na taima ya sekunde 2 mkono usitikise. Kabla ya kila picha zungusha fokasi mpaka mwisho ndio kamera itafute upya, hapo ndipo wengi wanaharibu, wanapiga picha kumi za fokasi moja halafu wanasema wamepima. Piga kadhaa kwa skrini, kadhaa kwa kidirisha, kisha fungua kwa kompyuta uzivute kubwa. Usiangalie kwa simu, kwa simu hata mimi ni mpiga picha mzuri.

Kama za skrini ni kali na za kidirisha zinakosea upande uleule kila mara, lenzi yako kwa vioo ni nzima kabisa, ni maelewano yake na kamera ndiyo mabovu. Za kidirisha zikikosea ovyo, leo mbele kesho nyuma, hiyo hairekebishiki kwa namba, rudisha kwa mwenyewe. Na kama hata za skrini ni blari, ama upande mmoja uko sawa mwingine umelegea, kuna kitu ndani, huenda mtu amewahi kuifungua kabla yako, na sitashangaa nikiambiwa ni nani.

Na pia hebu tuwe wakweli, f/1.4 kwa 700D, mtu akiwa mita moja na nusu, sehemu yote iliyo kali ni kama sentimita 5. Kutoka ncha ya pua mpaka sikio ni zaidi ya mara mbili ya hiyo. Mtu akicheka tu ametoka kwa fokasi. Inawezekana hata huna shida yoyote ila jamaa hataki kurudisha pesa.

Ukikuta ni hiyo ya maelewano, kurekebisha nyumbani kupo, tena bila kufungua kitu. Kamera kama 7D, 70D na 6D zina menyu ya AF Microadjustment, unasogeza fokasi mbele au nyuma kutoka -20 hadi +20 basi. 700D yako haina. 60D yangu haikuwa nayo pia, Canon walikuwa wameiweka kwa 50D halafu wakaitoa, asanteni sana. Njia ya pili ni USB Dock ya Sigma, ilitoka 2013, unaifunga nyuma ya lenzi kama kifuniko, unachomeka kwa laptop, programu ya Sigma Optimization Pro inaandika masahihisho ndani ya chipu ya lenzi yenyewe, kwa umbali nne tofauti, hata 700D itayafuata. Tamron nao wana yao, TAP-in Console. Lakini!! Dock inatambua zile za familia mpya za Sigma, Art, Contemporary na Sports tu, na ya Canon haiingii Nikon. Sasa wewe umesema "Sigma 50 1.4" ukanyamaza. Za kuingia 700D ziko mbili. Ya 2008 ni EX, dock haitaitambua hata uibembeleze. Ya 2014 ni Art, ina herufi A ya fedha pembeni, na ni nzito, inazidi gramu 800. Angalia kabla hujatuma M-Pesa ya dock kwa mtu.

Ikiwa ni EX, una kupigia kwa skrini, ama kushuka mpaka f/2.8, ama kutafuta 70D mtumba, ama kurudisha. Mimi ningerudisha.

Hizo lenzi mpya unazongojea, sijui unangojea nini. Za RF hazifungi kwa 700D, mlango ni mwingine kabisa. Canon walifungia Sigma na Tamron nje mpaka Aprili 2024 ndio zikatangazwa za kwanza, nazo za kamera zenye sensa ndogo, Sigma 18-50mm f/2.8 ikaingia sokoni Julai. Ni nzuri, na kamera zisizo na kioo zinapima fokasi kwa sensa yenyewe kwa hivyo haya maneno yote ya sikio yanaisha, lakini hiyo ni pesa ya kamera nyingine na wewe umekuja hapa na lenzi ya mtumba.

Piga hizo picha kesho mchana uziweke hapa, saizi kamili, usizikate, na useme kama kuna hiyo A pembeni. Jamaa akipiga simu kukuuliza umefikia wapi na skrubu, mwambie una wageni.